Hotuba mbili juu ya jeneza moja

Miezi michache iliyopita nilishuka Kintinku, Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenda kumjulia hali baba yangu mkubwa. Mwenye kuijua reli ya kati hawezi kuisahau sehemu ile. Ukitoka Dodoma kuelekea magharibi, unaipita Bahi, unafika Kintinku, na baada ya hapo njia huanza kuukabili ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Ni nchi tambarare, yenye mibuyu na vumbi jingi wakati wa kiangazi, na majaruba ya mpunga mvua zinapokubali kunyesha.

Mjukuu wa mzee huyo yuko kidato cha tatu. Alikuwa ameniomba kwa simu nimpelekee kitabu, nami nikampelekea: Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, kisha ikatoka tena kwa jina hilo, baada ya kusahihishwa, mwaka 1969. Darasani kijana anaisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni kile cha mwaka 1599, ambacho hata Waingereza wa leo hukisoma kwa kuhangaika.

Jioni, baada ya ugali wa uwele na mlenda, nilimkuta kijana ameinamia daftari chini ya taa ya sola. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa amewapa swali: kati ya Brutus na Antony, ni nani aliyetoa hotuba yenye kushawishi zaidi, na kwa njia gani? Kijana alikwisha kujibu. Aliandika kwamba Antony alitumia takriri, Antony alitumia kejeli, Antony alitumia maswali ya balagha.

"Na alizitumia kufanya nini?" nikamwuliza.

"Shangazi, hilo halikuulizwa."

Ndugu msomaji, wewe uliye na mtoto katika shule ya sekondari bila shaka umepata kulisikia jibu la namna hiyo. Mtoto amefundishwa majina ya zana zote zilizomo katika sanduku la fundi, lakini hajaona hata siku moja mlango ukitengenezwa. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumweleza, mzee akageuza kiti chake. Kiingereza hakijui, lakini neno "hotuba" alikuwa amelisikia.

"Ni kesi gani hiyo mnayoisoma?" akauliza.

Nikamweleza kwa ufupi, kama ninavyokueleza wewe. Kaizari alikuwa mkuu wa majeshi wa Roma, ameshinda vita vingi, na nguvu zote za nchi zilikuwa zikikusanyika mikononi mwake. Baadhi ya wakubwa wenzake waliogopa kwamba atajifanya mfalme. Wakala njama, na tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo wakamchoma visu hadi akafa. Kati yao alikuwamo Brutus, rafiki wa Kaizari, mtu aliyeheshimiwa na mji mzima kwa uaminifu wake. Rafiki mwingine, Antony, hakuwamo katika njama. Katika tamthilia, Brutus anamruhusu Antony aseme maneno ya maziko, ingawa mwenzake Cassius amemwonya asifanye hivyo. Anampa masharti: asiwalaumu wauaji, amsifu marehemu apendavyo, aseme kwamba amepewa ruhusa, na azungumze baada yake kutoka mimbari ile ile.

"Tusomee," akasema mzee.

Kijana akasoma hotuba ya Brutus katika Kiswahili cha Mwalimu. Nayo, kama ulivyo Kiingereza chake, imepangwa kwa nathari na si kwa shairi. Ni hotuba fupi. Brutus anawaomba watu wanyamaze, wamsadiki kwa ajili ya heshima yake. Anasema alimpenda Kaizari, ila aliipenda Roma zaidi. Anawauliza kama wangependa Kaizari awe hai nao wafe watumwa, au Kaizari awe amekufa nao waishi huru. Anauliza ni nani kati yao aliye duni hata atake utumwa, ajitokeze, kwa maana huyo ndiye aliyemkosea. Kisha anangoja jibu. Nani atajitokeza kujitangaza kuwa duni mbele ya umati? Wote wanajibu kwamba hayuko.

Hapo ndipo nilipomsimamisha kijana ili aone kazi ya swali la balagha. Swali lile limejengwa kwa namna ambayo jibu moja tu linawezekana. Brutus amewapa watu milango miwili, mmoja wa utumwa na mwingine wa kifo cha Kaizari. Mlango wa tatu, wa kuuliza kama kweli Kaizari alitaka kuwafanya watumwa, ameufunga bila mtu kusikia kitasa. Hakutoa hata ushahidi mmoja wa tamaa hiyo ya ukubwa. Na msomaji aliyeanza kitabu tangu mwanzo anakumbuka kwamba Brutus, alipokuwa peke yake usiku bustanini, alikiri kwamba bado hajaona kosa lolote alilofanya Kaizari. Aliogopa tu yale ambayo huenda angeyafanya akipewa taji.

"Ushahidi wake ni jina lake," akasema mzee taratibu. Kisha akanyamaza.

Umati uliridhika. Mmoja akapiga kelele kwamba Brutus ndiye afanywe Kaizari. Tafakari, ndugu msomaji: mtu amesimama kuwaeleza kwamba amemwua rafiki yake ili pasiwe na mtawala wa peke yake, nao wanamshangilia kwa kumtaka awe mtawala wa peke yake. Walimpenda msemaji, hoja hawakuisikia. Naye Brutus hakungoja kupima kama wameelewa. Aliwaomba wabaki wamsikilize Antony, akaenda zake.

Kijana akaendelea na hotuba ya pili, ambayo ni shairi, nayo ni ndefu. Antony anaanza kwa kuyashika masharti yote aliyopewa. Anasema amekuja kuzika tu. Anasema Brutus ni mtu wa heshima, na neno hilo analirudia tena na tena. Lakini kati ya kurudia na kurudia anaweka jambo moja ambalo watu walilishuhudia. Kaizari alileta mateka, na fidia zao zikajaza hazina ya mji. Maskini walipolia, Kaizari alilia nao. Alipewa taji mara tatu, akalikataa mara tatu. Kila mara baada ya jambo kama hilo anasema kwamba Brutus amemwita Kaizari mwenye tamaa, na Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza sentensi ile ni sifa, baadaye inakuwa shaka, na mwisho ni tusi, ingawa haikubadilika hata neno. Hiyo ndiyo takriri, na hiyo ndiyo kejeli. Kijana akaandika pembeni mwa daftari, safari hii bila kuambiwa.

Ndipo Antony anapotaja wasia wa marehemu, na kusema hatausoma, maana ukisomwa watu watapandwa na hasira. Kukataa kwake kunawafanya wautake zaidi. Anashuka mimbarini, anawataka wauzunguke mwili, anaonyesha joho la Kaizari lenye matundu, anakumbuka jioni ya kwanza alipolivaa, siku ya ushindi wake vitani. Kisha ananyoosha kidole: hapa alipita Cassius na kisu chake, hapa Casca, na hapa Brutus aliyependwa sana. Halafu anasema yeye si msemaji hodari kama Brutus, ni mtu wa kawaida asemaye wazi.

Mzee aliinua mkono. "Huyu wa pili alikuwapo walipomchoma mwenzake?"

Kijana alifungua kurasa za nyuma. "Hakuwapo, babu. Mmoja wao alimvuta pembeni kabla."

"Basi amejuaje tundu hili ni la kisu cha nani?"

Kijana alimtazama babu yake, kisha akanitazama mimi. Nimesoma tamthilia hiyo tangu nikiwa shuleni, nikaisoma tena chuoni nilipokuwa nasomea uandishi wa habari, wala sikuwahi kujiuliza. Mzee ambaye kwa miaka mingi amekaa chini ya mti kusikiliza mashauri ya mifugo, mipaka na mahari, aliliona mara moja: shahidi anaeleza jambo ambalo hakulishuhudia.

Baada ya hapo kijana naye akaamka. Akakumbuka kwamba siku ile ya taji, aliyempa Kaizari taji alikuwa Antony mwenyewe. Akakumbuka pia kwamba Casca aliyeshuhudia alisema Kaizari alilikataa, ndiyo, lakini kila mara kwa mkono uliozidi kulegea. Kwa hiyo Antony hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli, na nusu nyingine akaifunika kwa joho.

Wasia ukasomwa mwisho. Kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, na bustani za Kaizari kando ya mto Tiber ziwe za watu wote daima. Umati ukatawanyika na mienge kwenda kuchoma nyumba. Antony, alipobaki peke yake, akafurahi kwamba balaa limekwisha kuanza safari, liende litakako. Katika onyesho linalofuata watu wale wale wanakutana na mshairi mmoja aitwaye Cinna. Jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni Cinna mshairi, siye yule wa njama. Wanamshambulia vivyo hivyo, mmoja akisema na auawe kwa ubaya wa mashairi yake.

Wanafunzi wengi huacha kuchambua hapo, nao hupata alama zao. Nakuomba, ndugu msomaji, umfungulie mtoto wako ukurasa mmoja zaidi, mwanzo wa sehemu ya nne. Antony ameketi mezani na wenzake wawili, Octavius na Lepidus, wakiweka alama kwenye majina ya watu watakaouawa. Kisha anamtuma Lepidus akaulete ule wasia wa Kaizari, ili watazame namna ya kupunguza yale yaliyoahidiwa humo. Zile drakma ambazo watu walichoma nyumba kwa ajili yake zinatafutiwa mkasi. Shakespeare hakuliandikia jambo hilo hotuba. Amelipitisha kwa maneno machache, kama watu wanavyozungumza juu ya hesabu za nyumbani, na asiyesoma kwa makini hulipita.

Kijana alipomaliza, mzee alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani usingizi umemchukua. Kisha akaanza kusema, akimwelekea mjukuu wake.

"Mimi nilipata kuwa kama yule wa kwanza," akasema.

Akatueleza kwamba miaka mingi iliyopita, kabla kijana hajazaliwa, alikuja mtu kutoka mbali kununua alizeti. Bei aliyotaja ilipita ya soko. Ila fedha, alisema, italetwa baada ya mzigo kufika. Watu walisitasita. Mzee alikuwa amekula na mgeni yule siku mbili, akampenda. Akasimama mbele ya wenzake akawaambia: mtu huyu namwamini, nanyi mnanijua mimi.

"Sikuwaambia zaidi ya hayo, mjukuu wangu. Wakapakia. Mimi mwenyewe nilipakia magunia tisa. Hatukumwona tena. Sikuwadanganya, nilidanganyika pamoja nao. Lakini walipakia kwa jina langu. Jirani yetu mmoja mwaka ule alimtoa binti yake shule. Hakuna aliyenilaumu mbele ya uso wangu, na hilo ndilo lililoniuma."

Mimi nami nilikuwa sijapata kuyasikia hayo. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mara nyingine kibaya hutembezwa na mtu mwema asiyejua anachotembeza. Hilo ndilo kosa la Brutus, wala si dogo. Antony alitumia machozi ya watu. Brutus alitumia heshima yake mahali palipotakiwa ushahidi. Wote wawili walipata walichotaka kwa sababu mbele yao walisimama watu wasiouliza.

Isije ikadhaniwa, ndugu msomaji, kwamba nawafundisha watoto kuogopa kila ulimi wenye ufasaha. La hasha. Reli ile ile ipitayo Kintinku inafika Tabora, na Tabora, mwezi wa Januari 1958, ilitolewa hotuba iliyogeuza njia ya nchi hii. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena, ili kuandikishwa, mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango cha elimu kilichowekwa, au awe na wadhifa uliotajwa. Wajumbe wengi wa TANU walikwenda katika mkutano ule wakiwa tayari kuususia uchaguzi, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie.

Yasimuliwa kwamba aliwapa mfano wa mtu aliyevaa nguo safi, ambaye shamba lake lenye mavuno liko ng'ambo ya matope. Akitaka mavuno, hana budi kukubali kuchafuka. Pima hotuba hiyo kwa mizani ile ile ya mzee wa Kintinku. Msemaji hakuyaficha matope, ndiyo aliyoyataja. Waliompinga walikuwamo mkutanoni nao walisema yao. Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubali, baadaye alijitoa akaunda chama chake, African National Congress. Uamuzi ulifanywa na wale wale ambao wangebeba matokeo yake, na msemaji akabaki kuyabeba pamoja nao. Wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo aliwapa Waswahili hotuba za Brutus na Antony katika lugha yao. Wala asiwepo mwanafunzi wa kuona aibu kuzisoma kwa Kiswahili kabla ya kuzijibu kwa Kiingereza. Shakespeare mwenyewe habari hizi alizipata katika tafsiri. Plutarch aliziandika kwa Kigiriki, Jacques Amyot akazitia katika Kifaransa, Thomas North akazitoa katika Kifaransa na kuzitia katika Kiingereza mwaka 1579, na Shakespeare akaketi na kitabu hicho. Maneno yaliyovuka lugha zote hizo hayapungukiwi kitu yakifika Kintinku.

Nawe huenda ukasema kwamba kijana anatafuta alama, yeye si diwani wala hakimu. Ni kweli, leo. Lakini akitimiza miaka 18 atakuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, maana kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla mkutano huo haujakubali. Siku moja atasimama mgeni mwenye ufasaha, au mwenyeji mwenye heshima, au wote wawili kwa pamoja, na wananchi watatakiwa kuinua mikono. Mikono ile ikishainuka, kuishusha ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo, Jumapili hii au jioni yoyote umeme au taa ikiruhusu, mwambie mtoto wako akusomee hotuba hizo mbili kwa sauti. Kama Kiingereza chake ni kizito kwako, asome kwa Kiswahili. Usihofu kwamba huna elimu ya fasihi. Muulize kama ungemuuliza shahidi. Huyu anataka nifanye nini akimaliza kusema? Alikuwapo alipolishuhudia jambo analolieleza? Ni jambo gani alilolijua asilolitaja? Je, yupo mtu hapa wa kumjibu, au amekwisha kuondoka? Na mambo yakiharibika, nani atalipa? Baada ya hapo takriri na kejeli mtoto ataziona mwenyewe, kwa sababu atakuwa ameona kazi iliyofanywa nazo.

Kijana wetu aliyafuta majibu yake ya kwanza usiku ule, akaanza upya. Alihukumu kwamba Antony ndiye aliyeshawishi zaidi, nami naafiki. Lakini aliongeza fungu la mwisho ambalo hakuulizwa: kwamba katika uwanja ule wa Roma walikuwamo watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kumwuliza Antony alijuaje kisu kilichotoboa tundu lipi.

Babu yake alimwomba amsomee fungu hilo kwa Kiswahili. Akasoma. Mzee akaitikia kwa kichwa, akachukua fimbo yake, akaenda kulala.